Kabla ya Kuwasha Gari, Uliza Treni Inaondoka Saa Ngapi

Kismayo haina reli, na Somalia nzima haina treni ya abiria. Waitaliano walijenga njia moja kutoka Mogadishu hadi Jowhar, kiasi cha kilomita 114, na Waingereza wakaing'oa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kusini ya mto Juba haikufika hata hiyo. Ajabu ni kwamba hadi 1925, Waingereza walipoikabidhi Italia nchi ya Juba, Kismayo ilikuwa chini ya serikali ile ile iliyojenga reli ya Mombasa. Chuma cha kwanza cha reli hiyo kililazwa tarehe 30 Mei 1896, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika Kisumu. Reli ilielekea bara, na watu wa mwambao wa kaskazini wakabaki na bahari yao.

Basi kwa nini kumwandikia Mbajuni makala ya ushauri juu ya treni? Kwa sababu Mbajuni wa leo haishi katika visiwa vya Koyama, Chovai, Chula na Ngumi peke yake. Tangu vita vya 1991 familia zimetawanyika. Wengi walishuka Mombasa, wakawekwa katika kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa, na kutoka hapo kila mmoja akashika njia yake: Majengo, Kisauni, Malindi, Eastleigh, Dar es Salaam, London, Glasgow. Huko kote isipokuwa Malindi reli ipo, au i karibu. Na huko kote kijana akipata kazi, fedha za kwanza anazoweka kando ni za gari.

Sina ugomvi na gari. Mwenye mgonjwa usiku wa manane, au fundi mwenye vifaa vya kubeba, hawezi kusubiri ratiba ya mtu. Ninalolishauri ni hili: safari ndefu usiiendee peke yako ndani ya gari lenye viti vinne vitupu, ikiwa kuna chombo kikubwa kinachokwenda huko huko, kitakachoondoka uende usiende. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jahazi haling'oi nanga kwa ajili ya mtu mmoja. Linangoja shehena na abiria, na kila anayepanda anawapunguzia wenzake gharama ya safari. Treni ni jahazi la nchi kavu.

Hesabu ya moshi

Wanaosema treni ni safi na gari ni chafu wamesema nusu. Hesabu za serikali ya Uingereza za 2022 zinaonyesha kwamba gari la petroli la wastani hutoa kiasi cha gramu 170 za hewa ya ukaa kwa kila kilomita. Abiria wa treni huhesabiwa gramu 35, na wa basi la masafa marefu gramu 27. Lakini zile 170 ni za gari zima. Wakipanda watu wanne, kila mmoja anabeba gramu 42 au 43, na hapo gari limekaribia treni. Akipanda mmoja, zote ni zake. Uharibifu mkubwa basi hutoka kwenye viti vitupu, na basi lililojaa lina sifa ile ile ya treni, pengine zaidi.

Treni ya Kenya huvutwa na injini za dizeli, kwa hiyo gramu za Uingereza usizihamishie Mombasa kama zilivyo. Ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo huo, inakwenda kwa umeme. Hata hivyo kanuni haibadiliki: injini moja inayovuta abiria zaidi ya elfu moja inagawana moto wake na watu wengi kuliko injini inayompeleka mtu na koti lake.

Mambo haya yanatugusa. Visiwa vyetu ni vya matumbawe, vimelala chini, na samaki wetu huzalia miambani. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya mwambao wa Afrika Mashariki. Mwisho wa 2023 mafuriko ya Tana yalikata barabara ya Lamu na Garsen, abiria wakakwama njiani. Mbajuni mmoja kuacha gari nyumbani hakutaipoza bahari, lakini ni vigumu kuwadai wenye viwanda heshima ambayo sisi wenyewe hatuioneshi kwa safari ya harusi.

Hesabu ya mfuko

Chukua safari ya Mombasa na Nairobi. Kwa barabara ni kilomita 480 na kitu. Gari dogo linalokwenda kilomita 11 kwa lita litakunywa kiasi cha lita 44. Lita ikiwa shilingi 180, hizo ni shilingi 7,900 kwenda tu, na moshi wake ni kilo 100 hivi za hewa ya ukaa. Kiti cha daraja la kawaida katika treni ya Madaraka Express ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupanda bure, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu.

Mtu mmoja hana la kufikiri: 1,500 kwa 7,900. Baba, mama na watoto wawili wadogo watalipa 4,500, nao wako mbele hata wakiongeza matatu za kwenda na kutoka kituoni. Lakini watu wazima sita ndani ya Noah moja watalipa 9,000 kwa treni, na mafuta ya Noah yatakuwa karibu na hapo hapo. Kwa mfuko ni sare, na kwa moshi gari lililojaa hivyo halina aibu. Ukiwa na wenzako sita, amua kwa mambo mengine.

Jambo moja katika hayo mengine ni uhai. Barabara ya Mombasa ni ya malori, na usiku dereva mwenye usingizi hujaribu kuyapita katika mlima asioona mwisho wake. Barabara za Kenya zimeua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka katika miaka ya karibuni. Dereva wa familia, aliyetoka kazini jioni na kushika usukani saa nne usiku ili awahi mazishi, ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Msiba mmoja usizae wa pili. Kuna treni ya saa nne usiku. Alale ndani yake.

Namna ya kusafiri, hatua kwa hatua

Kwanza karatasi. Tiketi hukatwa kwa jina na nambari ya kitambulisho, na mlangoni jina hulinganishwa. Usikubali kununuliwa tiketi kwa jina la binamu yako, na usinunue kwa dalali anayezunguka nje ya kituo. Mwenye pasi ya Somalia asafiri na pasi yenyewe, picha yake iliyo kwenye simu haitoshi. Aliyesajiliwa kama mkimbizi na anayeishi kambini anahitaji kibali cha kutoka kambini kabla ya kufikiria tiketi, kwa treni au kwa basi. Apate kibali kwanza, alipe nauli baadaye.

Pili, kukata tiketi. Unaweza kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa, kisha kituoni ukachapishiwa tiketi ya karatasi. Fanya hivyo mapema. Siku za kawaida viti hupatikana, lakini wiki ya Idi, mwisho wa Desemba na shule zinapofungwa viti vya bei ndogo huisha siku nyingi kabla. Anayeanza kutafuta kiti usiku wa kuamkia Idi ndiye huyo atakayeishia kukodi gari.

Tatu, saa. Ratiba imeandikwa kwa saa 24. Treni ya asubuhi ya 08:00 ni ya saa mbili, nayo husimama vituo vya njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Ya 15:00 ni ya saa tisa alasiri, na ya 22:00 ni ya saa nne usiku. Wapo wazee waliosoma 15:00 kama saa tano ya Kizungu, wakafika saa kumi na moja wakiwa wametulia, na treni iko Tsavo. Mwandikie mzee saa yake kwa mkono nyuma ya tiketi.

Nne, kufika kituoni. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, jirani na Jomvu ile ile, nje ya kisiwa. Ukitoka mjini utapita Changamwe kati ya malori ya bandari, na foleni ya huko haina adabu. Toka muda wa saa mbili na nusu kabla ya treni kuondoka. Anayetoka Likoni au Diani asipange foleni ya feri, apite barabara ya Dongo Kundu inayotokea Miritini. Anayetoka Lamu asithubutu kuunganisha basi la Mokowe na treni ya siku hiyo hiyo. Kati ya vizuizi vya polisi, Garsen na Malindi hakuna wa kukuhakikishia saa. Lala Mombasa kwa jamaa, upande treni asubuhi.

Tano, ukaguzi. Hapa ndipo wengi wetu wanapokereka, kwa hiyo nieleze. Kabla ya kuingia jengoni abiria hupanga mizigo yao mstari mmoja, kisha hurudi nyuma hatua kadhaa. Askari hupita na mbwa, naye hunusa mfuko baada ya mfuko, huku wenye mizigo wakimtazama pua. Kisha kila mtu huchukua mzigo wake na kuupitisha kwenye mashine. Mwislamu anayechelea najisi autie msahafu, msala na kanzu ya kuswalia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya nguo. Pua ya mbwa ikigusa begi, imegusa begi la nje, na begi linaoshwa. Kubishana na askari pale hakubadilishi kitu isipokuwa saa yako. Kisu cha jikoni, pombe na vitu vya kuwaka moto vitazuiwa, hata kama kisu ni cha kukatia maembe.

Sita, swala. Treni ya alasiri huondoka kabla ya alasiri kuingia vizuri na kufika kiasi cha saa mbili usiku. Dini imempa msafiri wepesi wa kupunguza na kukusanya. Muulize ustadhi wako mapema namna ya kuutumia, utie udhu kituoni, na ukae na chupa ndogo ya maji. Ya usiku hukufikisha Nairobi kabla ya alfajiri, na kituoni utapata pahali pa kuswali ukingoja kupambazuke. Usikimbilie teksi gizani kwa bei ya anayekuona mgeni.

Saba, chakula na adabu. Ndani kuna behewa la chakula, lakini mwenye watoto abebe vyake: mkate wa mofa, mayai, maji, tende. Ng'onda na papa mkavu nawaomba msipande navyo. Madirisha hayafunguki, hewa ni ya mashine, na viti vya daraja la kawaida vinatazamana, watatu upande huu na wawili upande ule, meza ndogo katikati. Harufu ambayo kwetu ni ya nyumbani itakaa na watu mia moja kwa muda wa saa tano. Funga kifurushi mara tatu ukipeleke kwa njia ya mizigo.

Nane, mwisho wa safari. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, mbali na mjini. Watu wengi huharibu hesabu yao hapo: wameokoa nauli kwa treni, kisha wanatoa maelfu kwa teksi. Angalia kama treni yako inapokewa na treni ndogo ya kwenda stesheni ya katikati ya mji, na ukifika mjini chukua matatu namba 6 au 9 ya Eastleigh. Kwa mzee au mwenye mizigo mizito, mpangie jamaa mmoja aje na gari. Gari linalokwenda kilomita ishirini kumpokea bibi na mabegi yake limefanya kazi yake halali.

Wagonjwa na wazee

Wapo wanaoletwa Nairobi kwa matibabu kutoka Kismayo, Lamu na Mombasa, na jamaa husema mgonjwa hawezi treni. Mara nyingi ni kinyume. Mwenye kisukari anayekwenda msalani kila mara, mwenye miguu inayovimba, mama aliyejifungua karibuni: hawa basi huwaadhibu na gari dogo huwabana. Ndani ya treni kuna choo, na mtu anaweza kusimama akatembea ujiani. Mwombe mtumishi wa kituo kiti cha magurudumu mapema, maana vituo hivi ni vikubwa na vina ngazi. Mgonjwa wa kulala kitandani, au wa kupumua kwa shida, huyo ni wa ambulensi na daktari, na makala haya hayamhusu.

Walioko Uingereza

Huko lawama kubwa ni bei, na lawama hiyo ni ya kweli kwa anayenunua tiketi kituoni asubuhi ya safari. Tiketi za bei nafuu zinazofungwa kwa treni moja maalumu hufunguliwa takriban wiki 12 kabla. Anayejua kwamba mwezi fulani ana arusi ya binamu Glasgow anunue wiki hiyo hiyo anayopata habari. Epuka treni za asubuhi za wafanyakazi. Tafuta kadi ya punguzo inayokufaa: ya vijana, ya wazee au ya familia. Ile ya familia hupunguza theluthi moja kwa watu wazima, hadi wanne, na asilimia 60 kwa watoto, na mara nyingi bei ya kadi hurudi katika safari moja au mbili. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Treni ikichelewa vya kutosha, nusu saa na kwa kampuni nyingine robo saa tu, una haki ya kurudishiwa sehemu ya nauli. Wengi wetu hatudai, kwa sababu hatukuzoea nchi inayomlipa abiria kwa kuchelewa. Dai. Na treni ikishinda mfuko, panda basi la masafa. Gramu zake 27 umeshaziona.

Wenye kinyongo na reli

Nimewasikia, na hoja zao zina uzito. Reli ya Kenya ilijengwa kwa mikopo mikubwa ya China. Mombasa watu waliandamana 2019 kwa sababu amri ya kupeleka makontena kwa treni iliwanyima kazi wenye malori, wenye gereji na mama ntilie wa kando ya barabara. Lamu, mpango mkubwa wa bandari, barabara na reli uliozinduliwa Machi 2012 umeleta gati za meli. Reli yake haijaonekana, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa bahari waliyopoteza, wengi wao Wabajuni wenzetu.

Kudai haki katika miradi ni wajibu, na siku Kismayo itakapoletewa ramani ya reli tuwe wa kwanza kuuliza inapita shamba la nani na mkoko wa nani. Lakini deni la reli iliyokwisha jengwa linalipwa kwa kodi yako ukipanda usipande. Kiti kitupu hakimrudishii mwenye lori mzigo wake. Kinachofanyika ni kwamba umelipa mara mbili: kodi ya treni usiyopanda, na mafuta ya gari ulilopanda peke yako.

Anzeni na safari moja

Usiuze gari wiki hii. Chagua safari moja ndefu ambayo familia huifanya kila mwaka, ya Idi, ya arusi au ya kupeleka watoto shule, mkae na kuihesabu mlango kwa mlango: nauli, matatu za pande zote mbili, chakula, mafuta, usingizi wa dereva. Ikiwa mko wawili au watatu, treni itashinda. Ikiwa mko sita mnaotoka nyumba moja kwenda nyumba moja, jazeni gari mwende, na dereva aendeshe mchana. Akina mama wanaochangishana upatu waweke kikapu kidogo cha nauli za Idi tangu Rajabu, ili tiketi zinunuliwe viti vingalipo. Kijana mwenye M-Pesa na subira apewe kazi ya kuzikata zote siku moja, kwa majina yalivyo kwenye vitambulisho, na aanze na ya bibi.